Gari la Edgar kwenye Uwanja wa Kahawa

Jumapili, tarehe 6 Julai 2025

Edgar, mwanangu, huna akili. Nakuandikia hapa kwa sababu ukiambiwa kwa mdomo unaangalia simu. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, unaingiza gari linaloweza kuwaka moto katikati ya migomba ya baba yako, juu ya nyasi nilizotandaza kwa mikono yangu! Nyasi kavu. Kiangazi hiki. Hata mbuzi angekushangaa.

Niandike vizuri, nisije nikasahau kwa nini nimekasirika. Alikuja Ijumaa kutoka Dar kwa misa ya kumbukumbu ya baba yake. Miaka minane hajakanyaga kijiji chetu cha Rugu. Kaja na gari la milango miwili, jekundu, fupi — ukikaa humo ni kama umechuchumaa. Linanguruma mpaka kuku wa jirani yangu Polikarpi wakakimbilia ndani ya nyumba. Barabara yetu ikalishinda, tumbo likakaa juu ya udongo, vijana wakalisukuma na kulibeba nusu. Lakini lilifika. Na leo kanisani nimeshuka humo. Wanakwaya wote waligeuza shingo. Nilishika kitenge changu nikapita katikati yao, sikumsalimia mtu mpaka nilipokaa.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Edgar. Jenifa ndiye aliyesoma kwa sauti. (Mjukuu wangu, nakaa naye tangu mama yake afariki.) Wenye kiwanda huko ng'ambo wanasema magari ya aina hiyo wameyakosea. Mpira wa petroli unaweza kupasuka, petroli ikadondokea kwenye injini, moto. Yasiendeshwe. Yasikae karibu na nyumba. Kifaa kipya kinakuja, wenye magari wawe na subira.

Edgar akasikia "yasikae karibu na nyumba" tu. Akalisukumia kwenye kibanja, ndani ya migomba! Baba yake amezikwa hatua chache kutoka pale. Afe mara ya pili?

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Tumelitoa. Sasa hakuna anayelitaka. Katekista kasema kwenye kiwanja cha kanisa hapana, ana watoto wa komunyo. Mwalimu mkuu kasema shuleni hapana. Huko rweya, kwenye nyasi za wazi, watu wanachoma moto kila siku kutafuta majani mapya ya ng'ombe.

Udongo mtupu uko sehemu moja tu — uwanja wangu wa kuanikia kahawa. Nimeukandika mwenyewe kwa samadi, umelainika kama sahani. Kahawa yangu imehamia kwenye turubai kando ya choo, na gari limekaa mahali pake kama mkwe.

Polikarpi naye, kwa wema, akalionea huruma jua lisilibabue. Akalifunika majani makavu ya migomba kutoka mbele mpaka nyuma, kama ndizi za kuivishia pombe ya rubisi. Edgar alipoona alipiga yowe. Polikarpi akauliza kosa lake nini, kitu cha thamani si hufunikwa? Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Edgar anasema ni wiki moja tu. Nimekata mkungu mkubwa wa kupeleka kwa mke wake.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Wiki imekwisha. Kifaa kiko kwenye meli. Meli iko wapi, hawajui.

Kumbe wenye magari haya wana kundi lao kwenye simu. Jenifa ananisomea Edgar akienda kuoga. Yuko mmoja Arusha anawatishia wakala wa kiwanda mahakama kila asubuhi. Mwingine Mwanza anauliza kama bima inalipa lisipoungua. Mmoja analia kwamba mwanawe anaoa na alishaahidi gari. Watu wazima, wana elimu, wanaandikiana vikaragosi vya machozi. Nilimwambia Jenifa aache, nimecheka vya kutosha.

Nilimwambia Edgar apande basi arudi kazini, gari litafuata. Mabasi yapo, yanatoka Kayanga alfajiri. Akasema bosi wake anaelewa. Bosi gani huyo anaelewa hivi? Nami simjui mtu aliyeajiriwa akakaa hivi ila mwalimu wakati wa likizo.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Hakuna jipya. Edgar amekaa ndani ya gari tangu chai ya asubuhi. Haliwashi. Anashika usukani tu.

Mkungu umeiva. Tumeupeleka kwenye rubisi.

Jumanne, tarehe 22 Julai

Tumepata mgeni. Mama mmoja mzaliwa wa Muleba, Joanitha, mfanyabiashara, mnene, sauti yake inasikika mpaka kisimani. Naye ana gari kama hili, yuko kwenye lile kundi. Alikuwa anaenda Murongo kwa shughuli zake za mpakani, akasema apite kumwona mwenzake wa msiba. Kashuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, shikamoo nzuri ya kupiga goti. Nikamletea kahawa za kutafuna, akatafuna kama mtu aliyelelewa.

Nikamuuliza lake liko wapi. Akasema liko nyuma ya nyumba yake Bukoba, kuku ametagia kwenye kiti cha dereva na yeye hamfukuzi, angalau kuna kitu kinatoka humo. Alilinunua kwa nini? Akasema, "Mama, nilikuwa nimeachwa na mwanaume. Nilitaka apigwe vumbi." Nikampenda.

Edgar alitoka kwenye gari amevaa shati lililopigwa pasi. Wakaongea mambo ya kiwanda — meli imefika, kontena halijatolewa bandarini, sasa wakala wanasema fundi hawezi kuja huku, watatuma lori likusanye magari yote ya kanda hii kuyapeleka Mwanza. Lini? Mwezi wa nane. Pengine.

Wakati wa kula Joanitha akamwambia Edgar, pole pole, bila masihara, kwamba ana stoo Murongo na hana mtu wa kumwamini. Kama amekaa tu, aje amshikie mpaka mambo yake yakae sawa. Edgar akacheka kile kicheko cha pua. Akasema yeye ni meneja, dada, si mlinzi wa magunia. Joanitha akanawa mikono. Mimi niliona aibu, nikamfungia senene waliokaushwa mwaka jana.

Alipopanda bodaboda aliniangalia muda mrefu. Akasema nimwangalie kijana. Nikamjibu kijana gani, huyu ana mvi kifuani.

Jumatano, tarehe 30 Julai

Nilimpigia mkwe wangu Liliane mwenyewe. Nilitaka kumwomba radhi kwamba tunamkalia na mumewe, na mkungu wake wa pili nao umeiva. Jenifa alinibonyezea namba akatoka nje.

Liliane akauliza kama Edgar hajaniambia.

Kazi hana. Tangu mwezi wa pili. Kampuni yao ilipunguza watu, naye alikuwa wa kwanza. Mafao yake ndiyo yamekuwa hilo gari — aliondoka asubuhi kwenda benki, jioni karudi nalo linanguruma, watoto wakaruka kwa furaha, yeye Liliane akaingia jikoni akafunga mlango. Nyumba ya kupanga wameshaiacha. Yeye na watoto wako kwa dada yake Kimara, wanalala wanne chumba kimoja.

Nikamuuliza, basi anarudi wapi huyu? Akasema, "Mama, mimi nilijua amekuja kukaa."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemjibu.

Nilitoka nje. Edgar alikuwa anafuta kioo kwa fulana yake ya ndani. Akaniuliza mbona nimesimama juani. Nikamwambia afute na upande wa pili, una mavi ya ndege.

Alhamisi, tarehe 31 Julai

Sijamwambia kwamba najua. Mtu akijificha nyuma ya mlango, ukiufungua ghafla utampiga usoni.

Lakini hasira ninayo! Wanakwaya wananiuliza kila Jumapili Edgar anaondoka lini. Nawajibu wakubwa wa kazi huwa wanapumzika.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Kahawa ya kando ya choo imeota ukungu. Imebanana, haigeuziki. Chama cha msingi kinachonunua kahawa kimenirudishia gunia zima mbele ya watu. Mimi! Tangu naolewa hapa sijarudishiwa gunia.

Nimekuja nyumbani na maneno yangu yamepangwa mdomoni. Nikamkuta Edgar yuko nyuma ya jiko, anaongea na simu iliyofunguliwa sauti, hajaniona. Walikuwa wale wakala wa kiwanda. Lori linakuja wiki hii, lianze na sisi wa Karagwe. Nikafurahi, nikasema moyoni Mungu amesikia.

Edgar akawajibu wasiwe na haraka. Waanze na wa Bukoba, waende Muleba. Yeye anaweza kusubiri. Sauti ya upole kabisa, kama anayempisha mzee kwenye foleni. Akawaambia hata mwezi wa kumi si mbaya.

Nikarudi nyuma hatua kwa hatua na gunia kichwani.

Nimemzaa, nimemnyonyesha, sikujua mtu anaweza kuombea kitu chake kisipone.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Kanisani hakwenda. Nilimwachia chakula, nimekikuta kimepoa, nzi juu.

Nikajaribu leo. Nikamwambia, kwa mzunguko, kwamba kibanja cha baba yake kinamhitaji mtu. Migomba ya upande wa chini ina mnyauko, inatakiwa kung'olewa na kuchomwa, mimi mgongo sina. Akasema akirudi Dar atatuma kijana wa kunisaidia. Akasema huku ananiangalia machoni. Aliniangalia hivyo alipokuwa darasa la tatu, aliponiambia ng'ombe ndiye aliyevunja chungu.

Nilitaka kumwambia. Nikamwambia ale.

Jenifa anasema kwenye kundi wanashangilia, lori limeshapakia ya Bukoba. Joanitha ameandika kwamba kuku wake amekasirika. Wote wamecheka isipokuwa mmoja.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Lori limekuja. Liko hapa nje.

Niandike haraka. Nimeingia ndani kama mtu anayefuata maji ya kunywa ya wageni. Nimesimama, daftari liko juu ya pipa.

Wamekuja fundi, msaidizi wake na dereva. Lori refu, limevunja ua wangu kwenye kona, nikanyamaza. Polikarpi kawaelekeza kama askari wa barabarani. Wakateremsha vyuma vya kupandishia, wakaandaa minyororo. Watoto wote wa Rugu wako hapa. Wakamwomba Edgar ufunguo.

Edgar akasema anachukua kitu ndani. Akaingia, akafunga mlango. Vioo juu. Akajifungia.

Kwanza watu walicheka. Dereva akagonga kwa kidole, kwa heshima, akamwita bosi. Edgar anaangalia mbele tu. Dereva akaniambia hawaruhusiwi kupakia gari lina mtu, na wanatakiwa wafike Mwanza, wakichelewa wanaliacha na kurudi ni mwakani. Jua limepanda. Gari limefungwa pande zote na ndani kunanuka petroli, fundi mwenyewe kainusa, akawafukuza watoto na kumwambia Polikarpi azime kiko chake.

Nikasema wanipishe. Nikainama kwenye kioo, magoti yakalia. Anatoka jasho mpaka tai imelowa. Amevaa tai! Nikamwambia shuka. Nikamwambia najua yote, Liliane aliniambia, najua tangu mwezi uliopita na ugali ulikuwa unakula uleule.

Akashusha kioo kidogo, kidole kimoja. Akasema, "Mama, likienda, mimi nakaa hapa kama nani?"

Akapandisha tena.

Nikawaambia watu nafuata maji, nikaja huku ndani. Watu wote walikuwa wananiangalia — mama wa kwaya wawili wako pale, nimewaona, wamekuja na vikapu vitupu kama wanapita njia. Waangalie. Wakachoke.

Jenifa amekuja mlangoni sasa hivi anasema mjomba ameinamisha kichwa kwenye usukani, akigongewa hageuki. Fundi anataka mimi niseme la kufanya. Anasema kioo kikivunjwa wakala watamdai mwenye gari.

Wadai.

Nimewaamuru kutoka mlangoni: Polikarpi achukue nyundo ya kupasulia kuni, apige kioo cha upande ule ambao Edgar hakukaa. Fundi akate waya wa betri kwanza. Mama wa kwaya warudi nyumbani kwao. Na wewe Jenifa, acha kulia, toa blanketi zito kitandani kwangu, limwagie maji, tumfunike nalo wakati wa kumvuta, vigae visimkate.