Nimeondoa Namba Yako kwenye Tovuti

Shangazi Atuganile, mugonile.

Ni mimi Gwakisa, yule uliyekuwa unamwita profesa kila alipokosea. Ndiyo, niliishia kidato cha pili, lakini kuanzia Lyulilo mpaka Ipinda nionyeshe kijana mwingine aliyejenga tovuti ya kikundi cha wafinyanzi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hayupo. Nimemtafuta nimemkosa.

Unakumbuka siku ya kuweka vitufe? Niliweka cha fesibuku, cha insta na cha wasapu, vidogo, vya kupendeza, kama nilivyoona kwa watu wa mjini. Ukavikagua kama chungu kilichotoka motoni na ufa. Ukasema mteja ataviona kwa macho gani, kuza hicho cha kijani. Nikakikuza. Ukasema bado. Kikawa kama sahani. Mafundi wenzangu wangenicheka, lakini watu walikibonyeza, na kila aliyekibonyeza alitua kwenye simu yako, maana kikundi kizima ni wewe tu uliyekuwa unajibu. Wenzako simu zao wanaangalizia saa.

Halafu presha ikakuangusha ukiwa umeinamia udongo. Tulikuzika kwenye migomba, ubavuni mwa nyumba. Mvua imenyesha, kaburi limetitia upande mmoja. Mama Subilaga, uliyekuwa unafinyanga naye, anaanza vyungu hamalizi. Vimejaa bandani, havina midomo.

Simu yako nilibaki nayo mimi. Wateja wakawa wanaandika, shangazi habari, vyungu vipo? Mama Subilaga akaniambia niweke namba yake kwenye kitufe. Nikamwambia mtandao unasumbua. Kesho yake nikamwambia tovuti inaumwa. Uongo mtupu. Namba yako ikitoka pale, nani atakutafuta tena? Basi nikawa najibu mimi, kwa maneno yako: vipo mwanangu, njoo na nyasi za kufungia, usivivunje njiani halafu unilaumu. Nilikuiga mpaka nikawa nasahau.

Naye Mama Chimwemwe, rafiki yako wa Karonga, akaandika. Nikamsalimia. Nikamtania unene wake, kama ulivyozoea. Akasema anavuka mpaka kuja kukuona. Nikajibu karibu.

Alikuja Jumamosi ya soko, na kitenge cha zawadi kwapani. Alianza kucheka tangu barabarani, anaita jina lako, anapiga vigelegele. Na kwetu unajua, aliyekosa mazishi huanza kulia akiwa bado mbali, wanawake wamsikie, watoke wampokee kwa kilio. Yeye aliingia uani mwa msiba anacheka. Wanawake wakaganda. Mama Subilaga akamshika mkono, akamwonyesha migomba.

Hakulia. Alitoa simu yake.

"Lakini jana amenijibu," akasema.

Wote wakanigeukia. Nikatoa simu yako mfukoni nikamkabidhi. Akaisoma. Akasoma yale ya unene. Kisha akaniambia taratibu, kama anamwambia mgonjwa:

"Umeninyima kilio changu, mwanangu."

Ndipo akaketi chini, akajifunika kichwa kwa kile kitenge, akaanza. Sauti ilikuwa inakatika, shangazi, kama ya mtu aliyepotea njia. Wanawake wakaketi wakamzunguka, wakalia naye kama umekufa asubuhi ile. Mimi nilisimama tu. Hakuna aliyenifukuza. Afadhali wangenifukuza.

Walipomaliza, nilifungua tovuti. Nilifuta namba yako tarakimu moja moja, wakati mtaalamu mzima najua kuifuta yote kwa mguso mmoja. Nikaweka ya Mama Subilaga. Chini ya picha yako nikaandika kwamba umefariki. Kisha nikabonyeza kitufe, nikatuma salamu ya kujaribu. Simu ya Mama Subilaga ikalia bandani. Yako, mkononi mwangu, ilinyamaza.

Sasa namfundisha kujibu. Anaandika kwa kidole kimoja, mbovu kuliko wewe, na ananiambia mimi ndiye sijui kufundisha.

Ndaga fijo, asante sana, shangazi, kwa yote. Nakuacha upumzike. Humu kwenye simu yako wamebaki wengine ambao hawajasikia. Nitawapigia, kwa sauti yangu mwenyewe, niwaambie umekufa. Na sitakata simu mpaka wamalize kulia.

Gwakisa