Uso wa Vipande Viwili

Jumatatu, 9 Juni

Nyuso, nyuso, nyuso tangu asubuhi. Mgongo unaniuma. Vumbi la Ujiji limeingia mpaka kwenye mafuta ya cherehani.

Kazi yenyewe ni vikaragosi, ile midoli ya kutia mkono ndani ukaisemesha. Watu wa mradi wanavitaka kwa ajili ya watoto wa Kirundi kule kambini. Wamenipa mimi kwa sababu najua kuficha mshono, na hilo nalisema bila haya. Uso naukata vipande viwili, kushoto na kulia. Nashona kufuata mstari wa pua, napunguza kingo, nageuza. Pua inasimama. Kisha narudia kwa sindano ya mkono, taratibu, napiga pasi. Kinabaki kijistari kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, na hicho mpaka ukiinamie ndiyo ukione.

Jioni napanga kazi, uso mmoja si wangu. Bapa kama chapati. Pua ni kidonge cha pamba. Mshono umepelekwa kisogoni, chini ya nywele za sufu. Na chini ya kiti cha Mama Nesto kuna nyuzi zangu, zimefumuliwa.

Mama Nesto nashona naye kibarazani hapa, mwaka wa tatu sasa. Mkimbizi. Mkono wake mzuri, sikatai. Lakini kufumua kazi ya fundi mwenzio bila kumwambia? Ala! Hata mteja akileta gauni lililoharibiwa na fundi mwingine, unauliza kwanza.

Nimeupanga na wenzake. Labda ulichanika.

Jumanne, 10 Juni

Haukuchanika. Leo kafumua mwingine, mimi nikiwa ndani naswali adhuhuri.

Nikamuuliza mbele ya cherehani. Akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Nikauliza tena. Akasema, "Unaonekana, Mama Shabani."

Unaonekana! Mshono wangu! Unaonekana na nani? Nimeshona magauni ya maharusi wa mji huu, wakachezewa ngoma mpaka asubuhi, hakuna aliyewahi kuniambia mshono unaonekana. Nikauchukua ule uso, nikausogeza nje kwenye jua, nikamwambia anionyeshe. Akapitisha kidole. Kutoka kwenye paji, katikati ya macho, pua, mdomo, kidevu. Hakuangalia hata. Alipitisha kidole kama anajua njia.

Nikamwambia katika kibaraza changu uso unashonwa hivi. Akasema ego, ego, ndiyo ya kwao. Ego yake ya kunitoa njiani tu. Sikula vizuri usiku.

Alhamisi, 12 Juni

Sina hata maneno. Ninayo, tena mengi, lakini hayaandikiki.

Jana nilizifungia nyuso zote kwenye sanduku. Leo nikaenda Kibirizi kutafuta dagaa, nikachelewa kwa sababu mitumbwi ilichelewa. Kurudi, namkuta mkamwana wangu ana uso wa hatia. Mama Nesto alimwomba ufunguo, eti anataka mkasi. Kampa.

Zote. Amefumua zote! Nusu zimetengana, zimelala mezani, jicho moja huku, jicho moja kule. Na yeye ameketi anakata vitambaa vipya vya duara, ametulia kama anachambua mchele. Umebaki uso mmoja tu, ule nilioutia kwenye mkoba wangu niwaonyeshe wanawake wa Kibirizi.

Nimepiga kelele, majirani wamesikia, na wasikie. Nimemwita mwizi wa kazi. Hakujibu. Kama angenijibu ningepoa. Kimya chake ndicho kinachonichemsha roho.

Nani alimdhamini kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka akapata kibali cha kukaa hapa? Mimi. Wenzake wote walipandishwa magari wakapelekwa kambini. Neno langu likiondoka, naye anapandishwa. Nitaliondoa. Jumatatu naenda kwa mwenyekiti. Nimeamua.

Ijumaa, 13 Juni

Bwana wa mradi amepita na pikapu. Kaonyeshwa nyuso bapa. Kasema nzuri. Nikamwonyesha na wangu wenye pua. Kasema nao mzuri. Yaani hajui! Macho yake yote yalikuwa kwenye nguo za kitenge. Watu wawili tunatoana roho juu ya mshono, yeye anasifu vifungo.

Jumatano atatuchukua twende kambini kuvikabidhi, sisi wawili. Nimekubali. Sikumwambia kwamba Jumatano nitakuwa peke yangu.

Jumapili, 15 Juni

Mama Nesto amekuja baada ya kanisa, na kitenge chake cha ibada. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumfukuza. Nilitaka nimwambie leo, ili kesho kwa mwenyekiti nisionekane nimemzunguka.

Nikaanza. Akaniacha nimalize lote. Kisha akaomba ule uso wangu uliobaki. Nikampa, nikiwa nimekaza mkono asije akauchana. Akauweka mapajani.

Akasema, "Nesto walimkata hapa." Kidole kikapita njia ileile. "Nilimshona mwenyewe, porini. Nilikuwa na sindano na uzi wa nguo. Nilijitahidi usionekane. Ulionekana mpaka tunamzika."

Akaurudisha uso mkononi mwangu. Akasema anaenda kufunga vitu vyake.

Miaka yote hii namwita Mama Nesto. Kila siku, mara ngapi sijui. Mama Nesto nipe chaki. Mama Nesto umepika nini. Nilidhani Nesto yuko shuleni kambini, au kwa baba yake. Sikuuliza, naye hakusema. Na nimekasirika. Ndiyo, bado nimekasirika! Angeniambia siku ya kwanza, ningefumua mwenyewe. Mtu unakula naye sahani moja, anakuacha unapiga kelele mtaa mzima unasikia, kumbe ana jambo kama hili kifuani.

Nimemfuata chumbani kwake. Nimemwambia afungue hayo mafurushi, asinitie wazimu. Kwa mwenyekiti siendi.

Ule uso nimeufumua. Nikajichoma kidole.

Jumatano, 18 Juni

Kambini. Barabara mbaya kupita maelezo, kuanzia Mwandiga mpaka tunafika nimekunywa vumbi.

Watoto wengi. Sikujua watakuwa wengi hivyo. Mama Nesto akatia mkono kwenye kikaragosi, akakisemesha Kirundi, wakacheka, hata mimi Kiha changu, ndugu wa Kirundi, kikanitosha kucheka. Nyuso bapa, safi, hazina hata alama. Nikasema moyoni, haya, mwanamke huyu alikuwa na haki, nimeshindwa.

Halafu kuna kasichana. Ana kovu kutoka kwenye nyusi, limepita shavuni hadi pembeni mwa mdomo. Akaomba akishike kikaragosi. Akakigeuza, akafunua nywele, akaupata mshono wa kisogoni, akaukwaruza kwa ukucha. Akaondoka nacho mpaka jikoni kwa watu. Akaokota mkaa. Akakichora. Nyusi, shavu, mdomo. Mstari mnene, mweusi.

Kwenye kazi yetu! Uso mpya kabisa! Niliinuka kwenda kukinyang'anya, na ningemzaba kofi, sisemi uongo. Mama Nesto akanishika gauni. Hakunishika mkono, alishika gauni, likachanika kwapani.

"Oya," akasema, hapana ya kwao. "Mwache."

Mtoto kakikumbatia kidoli, kakibusu, kakilaza, kakiinua. Mkaa ukafutika kwa kukumbatiwa. Hapo ndipo akalia. Akakileta kwa Mama Nesto, si kwangu, akamwonyesha shavu safi, analia kama mtu aliyeibiwa.

Mama Nesto akakipokea, akakiweka mapajani. Nilimwona uso wake na sikutaka kuuona. Mwishowe akamwambia mtoto jambo kwa sauti ya chini, akatia kikaragosi kwenye mkoba wake. Mtoto akatusindikiza mpaka kwenye pikapu. Bwana wa mradi ameahidi kumpelekea safari yake ijayo.

Njia nzima mkoba aliupakata.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi shwari. Upepo wa ziwani umepoa. Nimeshona kwapa la gauni langu.

Mama Nesto amekitoa kile kikaragosi mkobani, ameomba uzi mweusi. Nikampa ule mzito, wa kushonea viatu, bila kuuliza. Ameanzia kwenye nyusi. Mishono mirefu, wazi, mmoja baada ya mwingine. Alipofika shavuni alisimama, akatoka nje, akanawa uso, akarudi akaendelea. Mimi nilikuwa nakunja vitambaa vilivyokwisha kunjwa.

Alipomaliza alinipa nikague, kama tunavyofanya siku zote. Nikausogeza kwenye mwanga. Nikauvuta kuona kama umekaza.

Umekaza. Nikamwambia unaonekana vizuri.

Akasema ego.