Damu Niliyoitoa Mwenyewe

Dada Rohaya,

Huku Penang matunda ya durian yameiva, na paka wako kanenepa. Kazini tunapima kama vitamini E ya mawese hutuliza jeni zinazoleta uvimbe katika seli nyeupe za damu. Ilitakiwa damu ya mtu mzima mwenye afya, nikatoa yangu. Jeni zilikuwa zimeshawaka, hata kabla hatujazichokoza seli kwa dawa ya kuamsha uvimbe.

“Umechanganya vichupa, wewe,” mwenzangu Kavitha akanitania. Tukarudia kipimo. Majibu yakawa yaleyale.

Vitamini ilizituliza kidogo tu. Asubuhi vidole vyangu hukakamaa, kama vya mama alipoanza kuugua baridi yabisi. Naogopa, dada. Jumatatu namwona daktari. Baba usimwambie. Njoo tuingie sote kwa daktari, maana mama aliingia peke yake.

Mdogo wako akupendaye,
Suraya