Alama ya Saidi

Mjukuu wangu Zaina,

Bibi yako anakusalimu. Mimi nguvu zinaniishia, na kuna jambo nimewaficha nyote. Unauliza kama ukope ununue mtumbwi wa pili. Kabla hujaamua, soma.

Wakati wa vita nilivusha watu mtoni hapa Kindu kwa mtumbwi niliokopeshwa na Saidi, mchongaji. Kwa desturi, mchongaji huacha alama yake mbele ya mtumbwi, na akishalipwa huikwangua mwenyewe. Mtumbwi ulitulisha vizuri, lakini nilitaka uitwe wangu kabla sijamaliza kulipa. Saidi alipokimbilia msituni, niliikwangua mimi.

Siku moja risasi zikikaribia, alitokea ng'ambo na mkewe, akaniita kaka kwa lugha yetu ya hapa.

“Yaya, utuvushe! Mutumbwi njo wako, deni imekwisha!”

Kusema mtumbwi ni wangu nilidhani ni hila ya kuninyang'anya, nikaugeuza. Waliuawa palepale. Watoto wao niliwaambia risasi zilinizuia kusikia.

Nilisikia kila neno.