Jiko Nililokupangia Upya

Mama,

Nimerudi Uyole kwa likizo. Leo nimepika maharage kwa namna yako: yamechemka kidogo tu, nikauzima mkaa mapema na kuifunga sufuria kwenye kapu lenye matambara, yamalizie kuiva kwa joto lake. Nimekaa jikoni kwako nikiyasubiri. Kila lori linapobadilisha gia pale barabarani, makopo yako yanatikisika kwenye shelfu na mimi nageuka. Miezi mitano tangu tukuzike, na bado nageuka. Ni mlio uleule wa kucha zako zikiyagonga kabla hujachukua moja.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu.

Ule mgahawa ninakopika Iringa ulipofungwa kwa ukarabati, nilikuja kukaa na wewe miezi miwili. Nilikuja na ujuaji wangu. Nikakuta makopo ya maziwa ya unga yenye kutu, kila moja limefungwa kamba yenye mafundo. Kisu kwenye msumari wake, mwiko pembeni yake, jiko la mkaa kwenye kona ya kushoto. Nikisogeza kitu hata kidogo unaniambia, "Atu, kirudishe ulikokitoa." Niliona ni ukali wa uzee.

Ulipokwenda Ubaruku na jirani yetu Mama Sekela kufuata chenga, ule mchele uliokatika unaouzwa kwa bei ya chini, nikapata nafasi. Mliondoka mmeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Nikawacheka. Kisha nikatupa makopo yote na kamba zake, nikanunua vyombo vya plastiki vinavyofanana, nikaviandika majina kwa herufi nzuri. Visu nikavitia kwenye droo. Jiko nikalihamishia mlangoni, penye hewa.

Uliporudi ulisimama mlangoni kwa muda. Ukanyoosha mkono, ukapapasa ukuta pale penye msumari. Hapakuwa na kitu.

"Umepanga vizuri, mwanangu," ukasema.

Asubuhi yake wakaja akina mama wa jumuiya, ukawakorogea chai ya chumvi. Walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. "Mama, si nimekuandikia? Soma basi!" Ukacheka na wewe. Mama, kicheko kile ndicho kinachonifuata. Nakisikia Iringa nikikata vitunguu, katikati ya kelele za wateja, naacha kisu nasikiliza.

Siku chache baadaye uliingia ukashusha kiganja mahali kilipokaaga kigoda chako, kikatua juu ya jiko la moto. "Nilikuwa na haraka," ulisema. Nilikugombeza huku nakupaka asali. Hukupika tena. "Mpishi amefika, acha nipumzike." Na mimi, mjinga, nikawatangazia ndugu kwamba umenikabidhi jiko.

Nikarudi kazini. Haukupita muda, presha ikakuchukua.

Nilipofika msibani nilikuta makopo ya kutu yamerudi, mafundo yamerudi, jiko limerudi kwenye kona yake. Nilikasirika, Mama. Kwenye msiba wako mwenyewe nilisema moyoni, mbishi mpaka mwisho. Tulipokuosha nikaliona kovu la kiganjani. Nilipitisha kitambaa haraka nikaendelea.

Siku ya tatu nilikuwa nachambua mchele na Mama Sekela. Akasema bila kuniangalia, "Atupele, mama yako alikuwa haoni. Mwaka wa pili huo. Alikuwa anaona ukungu tu."

Nikamwambia haiwezekani, mbona alikuwa ananipikia.

"Alikuwa anapika kwa vidole. Fundo moja chumvi, mawili sukari, matatu magadi. Ulipoondoka tulishinda kutwa nzima tunarudisha kila kitu. Haya makopo nilimpa mimi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ungeacha kazi."

Sikulia. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye shimo la taka, nikafukua kwa mikono nikitafuta zile kamba zako za kwanza. Sikupata hata moja.

Juzi mchana nilijifunga kitenge machoni nikapika. Nilifika kwenye chumvi, nikafika kwenye kisu, hakuna kilichonipotea. Halafu nikanyoosha mkono kutafuta mwiko. Sijafika ukutani, ukawa tayari kiganjani mwangu, kama mtu kanipa. Nikasema asante, kwa sauti kabisa. Nikavuta kitenge: niko peke yangu. Nikajifunga tena, nikanyoosha mkono, nikasubiri mpaka wali ukaungua.

Mama, liko jambo jingine. Jumapili mdogo wako alikuja kutoka Rujewa kunijulia hali. Nilimwekea chai. Akaanza kupapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

"Mama mdogo, unaona vizuri?"

"Nani kakwambia sioni?"

Ukali wako mtupu. Nilitaka kunyamaza. Badala yake nikamshika mkono, nikamweleza yote, chai ya chumvi, jiko, kicheko changu. Alikuwa hajawahi kuyasikia. Alikishika kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "La kulia limekwenda. Hili lingine bado lipo lipo."

Nimeomba kazini waniongezee siku. Jumatatu nampeleka kliniki ya macho, na mkono wake nitaushika mimi. Nakuahidi nikifika jikoni kwake sitagusa hata kijiko mpaka aniambie kinakaa wapi na kwa nini kinakaa hapo. Wewe sikukuuliza. Nisamehe kama unaweza. Kama bado huwezi, endelea kuzunguka humu ndani, Mama. Nimeshakuzoea. Sikuogopi.

Pumzika salama.

Mwanao,
Atupele