Begi la Kupanda Nalo Mlima

Jumanne, 3 Juni 2025

Siku ya Mashahidi, hakuna kazi. Nimeenda kwa Kathembo. Yeye ndiye mkuu wa wapagazi wa kampuni moja hapa Kilembe, chini ya mlima. Zamani alikuwa jeshini, na mpaka leo anaongea kama yuko gwarideni. Wote wanamwita afande. Nikamwambia nataka kubeba mizigo ya wageni mlimani. Wanaume waliokaa nje wakacheka. Yeye hakucheka.

"Jaribio ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kuja na begi yako. Magunia hatutaki tena. Toka!"

Toka — lakini hakusema hapana!

Jioni nikamwambia Maate. Mume wangu alibeba mlimani miaka mingi, gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama baba yake alivyobeba. Sasa shingo yake haigeuki. Akitaka kumwona mtu wa pembeni anageuza mwili mzima. Alinisikiliza huku anamenya mihogo. Kisha akasema: "Mlima umekula shingo moja ya nyumba hii. Haitoshi?"

Ningemjibu nini? Kwamba tangu utotoni naiona theluji kule juu kukipambazuka vizuri, na sijawahi kuigusa? Nikachukua kisu, nikamenya naye.

Naandika kwa Kiswahili changu cha sokoni. Nyumba nzima ni mimi tu ninayekisoma. Vizuri hivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimefika sokoni Bwera mapema nikakuta banda la Halimah limefungwa. Leo ni Idd! Nilisahau kabisa. Nikaona aibu kwenda kwao mikono mitupu, nikanunua mananasi njiani.

Halimah na mimi tuliuza bega kwa bega, mimi ndizi, yeye mabegi ya mitumba. Aliponiona mlangoni akapiga kelele: "Mama Bright! Leo hatuuzi, leo tunakula!" Nikala. Pilau, nyama, mpaka nikafungua kifundo cha kitenge. Ndipo nikasema nimefuata nini. Akacheka, akaniingiza chumba cha nyuma ambako mzigo unalala.

Mabegi matatu makubwa. La kwanza la kijani, kama la jeshi. Halimah akalisukuma pembeni mwenyewe: hilo askari watakunyang'anya barabarani, na maswali juu. La pili la bluu, limepauka, lina kiraka, mkanda wa kiunoni mpana kama mkono wangu. La tatu jekundu. Ee Mungu! Jekundu kama pilipili, mifuko kila mahali, zipu zinang'aa. Ni kama halijawahi kubebwa na mtu.

"Jaza kwanza, dada," Halimah akasema. "Begi tupu yote ni tamu."

Mumewe Muniru, anayesafirisha chumvi kwa lori, akanijazia pakiti za chumvi. Nikazunguka ua mbele ya wageni wa Idd, watu wanapiga makofi kama niko harusini. Mabega yaliniuma kidogo. Nikasema ni kutozoea tu. Halimah alitaka nijaribu na la bluu. Sikutaka. Nimerudi na jekundu, na kwenye gari watu wote waliliangalia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimelijaza mawe ya mto — Nyamwamba hautunyimi mawe — nikapanda njia ya juu ya kambi ya zamani ya mgodi. Mpaka kona ya pili nilikuwa malkia. Baadaye mikanda ikaanza kukata. Mzigo unanivuta nyuma, kila hatua kama mtu ananishika kola. Mkanda wa kiunoni ni utepe tu, haushiki kitu. Nikainama, nikainama zaidi, nikawa naona vidole vyangu tu.

Nikasikia krrr. Mshono wa bega la kushoto.

Nimeshuka na mawe machache. Mabega yana mistari kama nimechapwa. Nimevaa sweta ili Maate asione.

Jumapili, 8 Juni

Ameona.

Baada ya kanisa nilikuwa nainua ndoo nikaguna. Akaja, akafunua kola ya sweta, akatazama. Nilingoja aseme "nilikuambia." Akaenda akalileta lile begi jekundu, akaligeuza, akaubonyeza mgongo wake. Likakunjika kama mkeka.

"Hii ni ya kubebea nguo," akasema. "Haina mfupa. Mzigo haukai mabegani, Mama Bright. Unakaa hapa." Akaweka mikono yake miwili juu ya nyonga zangu. "Mabega yanashikilia tu usianguke. Hakuna aliyetuambia sisi. Tulikuja kuona kwa wazungu, na wakati huo shingo imekwisha."

Nikamwambia kuhusu lile la bluu.

"Lina vyuma ndani?"

Sijui! Sikuligusa hata!

Akalikunja lile jekundu, akaliweka kando ya mlango. Mwishowe akasema soko la Bwera ni Jumanne, na mtoto wetu Bright atalala kwa bibi yake. Akasema "tutaondoka" mapema. Tutaondoka! Sisi wawili.

Jumanne, 10 Juni

Soko limejaa, Wakongo wengi kwa sababu ya Idd iliyopita, kila mtu anajaza tena. Tumefika kwa Halimah na begi la bluu liko mgongoni mwa mtu! Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, anaitwa Edisa, anavusha vitenge mpakani.

"Mama, hiyo nilikuwa nimeiona mimi," nikasema. Uongo kidogo.

"Kuona haiko kununua," akanijibu. "Mimi niko nabeba bitenge kila soko, mugongo inakufa. Hii sac iko yangu."

Halimah akanitazama kama mtu anayesema nilikuonya. Maate ndiye aliyesogea. Kwa heshima akamwambia yule mama atembee nalo kidogo, likiwa limejaa. Akatembea. Ni mama mfupi, mgongo mfupi. Mkanda wa kiunoni ukamshukia mpaka kwenye makalio, begi likampiga kila hatua. Akajaribu kuupandisha. Ukashuka tena. Watu wakaanza kucheka, naye akacheka kuliko wote.

"Eh! Hii ilishonewa twiga!" Akalivua. "Chukua, dada. Wewe uko murefu, Mungu alikuumba kwa ajili yake."

Nililivaa. Maate akaukaza mkanda wa nyonga kwanza, halafu mabega, halafu ile mikanda midogo ya juu nisiyojua kazi yake. Vyuma viwili ndani, alivipapasa kwa kidole. Na mzigo ukatoka mabegani. Sijui niandikeje. Ulikuwepo, mzito vilevile, lakini umekaa kama mtoto aliyelala, hapigani na mimi. Nikanyoosha shingo nikaona soko lote!

Halimah akalipokea jekundu kwa kubadilishana, mshono atashona. Yule Edisa alipewa begi fupi la kahawia. Akaondoka anaimba.

Alhamisi, 12 Juni

Mawe tena. Maate anapanda nyuma yangu pole pole na fimbo. Anasema vizito viweke karibu na mgongo, si chini, si nje. Anasema kunywa kabla ya kiu. Leo ameongea kuliko mwaka mzima uliopita.

Jumamosi, 14 Juni

NIMEPITA!

Mizani, mzigo, kisha juu mpaka lango la msitu. Kijana mmoja, Tsongo, alitangaza kwa sauti kwamba mama huyu atakaa chini kwenye kona ya kwanza. Sikukaa. Sikuwa wa kwanza kufika, wala wa mwisho. Afande akanizunguka kama anakagua bunduki. "Weka chini. Jumatatu alfajiri. Usichelewe!" Basi, hayo tu.

Maate alikuwa anangoja barabarani. Akanigeukia, mwili mzima, akicheka.

Jumatatu, 16 Juni

Kambi ya kwanza. Mianzi, matope, baridi. Mabega mazima. Silali, nacheka peke yangu.

Jumanne, 17 Juni

Naandika nimekaa kwenye jiwe. Tumesimama. Mvua imejaza kijito na Tsongo ameteleza akivuka, kifundo cha mguu kimevimba kama nanasi. Atarudishwa chini na wenzake wawili. Mizigo yao inagawanywa.

Afande anagawa. Sufuria kwa huyu, unga kwa yule. Amenipita mara mbili. Limebaki hema la wageni, zito, limelowa. Wanaume wanatazama ardhi.

Nimesema: "Na mimi, afande?"

"Wewe unacho cha kutosha."

Ni Tsongo aliyejibu, amekaa kwenye matope, meno yamekazana kwa maumivu: "Mpe yeye. Nilikuwa nyuma yake tangu asubuhi. Huyu hayumbi."

Hakuna anayecheka. Afande anaangalia maji, anaangalia njia ya juu ambako mawingu yamefunguka kidogo na kuna kitu cheupe — ni theluji yenyewe! Sasa ananiangalia mimi. Ameliinua hema kwa mikono miwili, anakuja nalo huku. Kalamu naweka