Mama, Wananichapa kwa Jina Lako

Mama,

Shikamoo. Najua hukupenda barua ndefu. Ulikuwaga unasema mtu mwenye neno alitamke. Lakini wa kutamkiwa hayupo, kwa hiyo nivumilie.

Nina hasira. Ningekudanganya kama ningeanza kwa kusema nyumba imepooza. Imepooza kweli. Nimehamia chumbani kwako hapa Chanika, naamka alfajiri kwenda kazini Kinondoni, jioni narudi kwenye ukimya wako. Lakini kinachonikaa kifuani ni hasira, na ilianza siku ile ile tuliyokuzika.

Mjomba Fidelisi ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia. Mwanzoni alisema vizuri. Kwamba wewe, mdogo wake, ulitoka Songea na begi moja na mimba yangu. Kwamba ulianza kwa kufagia yadi ya makontena Kurasini, na miaka sita baadaye ukawa unaendesha foko, ile mashine ya kunyanyulia makontena matupu, mwanamke peke yako kati ya wanaume. Watu wakawa wanatikisa vichwa. Halafu akageuka, akanitazama mie.

"Marehemu alikuwa mwanamke wa shoka," akasema. "Hakuwa kama hawa wa siku hizi wa haki sawa. Hakuwa feministi. Alijituma, basi."

Wakapiga makofi. Makaburini, mama! Makofi!

Nilikuwa nimeshika msalaba wako. Nikakumbuka kwamba huyu huyu alisusa kukanyaga kwetu miaka miwili, tulipokuwa tumepanga Temeke, eti mdogo wake anavaa suruali na kupanda mashine mbele za wanaume. Leo umekuwa fahari yake. Umekuwa fahari yake kwa sababu huwezi tena kumjibu.

Na wewe ulimsaidia. Samahani, lakini ni kweli. Mara ngapi ulisema mwenyewe, "Mie siyo feministi"? Unaikumbuka ile Jumapili nilipokuja nimevaa fulana ya ofisini kwetu, yenye maandishi ya haki za wanawake? Ulikuwa unachambua mchele. Uliniambia niivue kabla jirani hajaingia.

"Neema, hayo mambo yatakuzeesha nyumbani. Watu wanajua feministi ni mwanamke aliyeshindwa kuishi na mwanaume."

Nikakuuliza, ulipokwenda kwa bosi kudai mshahara uwe sawa na wa madereva wenzio, ile ilikuwa nini? Ukasema, "Ile ilikuwa haki yangu. Siyo ufeministi." Nikacheka, kile kicheko changu kibaya. Ukaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Hatukusemeshana vizuri mpaka Pasaka. Nilidhani tuna miaka mingi ya kuumaliza ule ubishi. Sikujua presha nayo ina haraka zake.

Sasa nikupe habari ya Somoe.

Unajua ulivyomtoa kwenye masufuria ya wali pale getini ukamfundisha foko wakati wa chakula cha mchana, mwaka mzima na zaidi, mpaka akapata cheti. Ulipolazwa alikuwa anakushikia zamu. Basi wiki mbili baada ya msiba wakamshusha. Hawakumfukuza, walimpa ufagio. Alinipigia simu akilia, nikaomba ruhusa kazini nikaenda Kurasini.

Mzee Kibwana, msimamizi wako, alinipokea kwa heshima zote. Alivua kofia kabisa. Akakusifia mpaka macho yakamlenga machozi. Nilipomtaja Somoe akabadilika.

"Mwanangu, mama yako alikuwa mmoja tu. Yule Mungu alimuumba hivyo. Huyu ni mwanamke wa kawaida."

Nikamwambia, "Mzee, na hao wanaume mnaowapandisha, Mungu aliwaumba namna gani? Wote si wa kawaida?" Akavaa tena kofia yake. Kijana mmoja wa stoo akadakia, "Somoe ametuletea wafeministi." Wakacheka, na habari ikazunguka yadi nzima kabla sijafika getini.

Unaona wanavyofanya? Wanasema ulikuwa wa ajabu, ili wasimpe nafasi mwingine. Kila sifa wanayokupa ni mlango wanaomfungia mwenzako.

Nilimkuta Somoe nje amejifunika khanga kichwani, jua kali. Nilitegemea asante. Akanishika mkono, akasema, "Dada Neema, nakuomba usilitaje hilo neno. Wakianza kuniita feministi, mume wangu atanikataza hata kufagia."

Mama, nilitaka kumwacha pale pale. Nakwambia ukweli. Nimeomba ruhusa kazini, nimetukanwa na watu nisiowajua, halafu ninayempigania ananiambia nikae mbali kama vile ninanuka. Kwa sekunde kadhaa nilimchukia. Halafu nikamtazama vizuri, nikaona amekazana kuushikilia ule ufagio mpaka vidole vimepauka. Nikakaa naye kwenye benchi lake la zamani la mama lishe, tukaandika barua kwa meneja.

Alikuwa anasema, mie naandika. Tuliomba kitu kimoja: apewe mtihani ule ule wanaopewa wanaume, siku moja, mbele ya watu wale wale. Neno lenyewe hatukuliweka popote. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani kwake kwa mlango wa uani.

Meneja alikaa na ile barua. Tukaandika ya pili, hiyo nikaipeleka mwenyewe na kusubiri isainiwe kwamba imepokelewa. Ndipo wakakubali, Jumamosi asubuhi. Walikuwa watatu, Somoe na vijana wawili. Mvua ilikuwa imenyesha, yadi yote utelezi. Kijana wa kwanza alifanya vizuri. Wa pili akarudi nyuma bila kutazama, akagonga nguzo. Somoe alipopanda, mmoja akapiga mluzi. Hakugeuka. Alinyanyua kontena polepole, kama unavyompakata mtoto aliyelala, akalipanga juu ya jingine, kona kwa kona. Akashuka, akafuta matope kwenye viatu, akasimama kungoja.

Wamempa kazi, mama. Yeye na yule kijana wa kwanza.

Ungedhani hapo ningefurahi. Nilifurahi kama dakika tano. Mzee Kibwana akapaza sauti kwa wote, "Mnaona? Mwanamke akijituma hahitaji haki sawa!" Na Somoe, huku anapongezwa, akasema, "Mie siyo feministi, mie nimefundishwa na Mama Neema." Barua mbili zile hakuzitaja mtu. Ilikuwa kama ule mtihani ulidondoka wenyewe na mvua.

Nikaomba kwenda chooni, maana machozi yalikuwa yananijia na sikutaka wayaone. Mlinzi, yule mama wa Kilindi wa siku nyingi, akanionyesha choo cha wanawake, kisafi, kina kitasa kwa ndani. Akaniambia, "Hiki ni cha mama yako." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba zamani wanawake wote wa yadi, wafagiaji, wapishi, makarani, walikuwa wanavuka barabara ya malori kwenda kujisaidia. Kwamba asubuhi moja ulizima mashine katikati ya njia, ukashuka na funguo mfukoni, ukasema huwashi mpaka waanze kuchimba choo cha wanawake. Kwamba wanawake wengine waliweka chini mafagio, wakakaa na wewe. Malori yakapanga foleni mpaka nje. Siku ya pili mafundi wakaja.

Mama. Kwa nini hukuniambia?

Nilikaa mle ndani nimejifungia, nikalia kwa hasira mpaka mlinzi akagonga. Tungeweza kuwa upande mmoja! Miaka yote ile nilikuwa nakuletea vipeperushi vya kukufundisha mambo ambayo ulishayafanya kwa mikono yako, na wewe ukaniacha nikufundishe. Au uliniona nitakucheka? Nahisi ndivyo. Nahisi ni kile kicheko changu. Basi nisamehe. Na mie nimekusamehe kwa kunivulisha fulana, ingawa bado inaniuma.

Hasira haijaisha, sitakudanganya. Jana bombani, tukichota maji, jirani ameniambia niige mfano wako, niache mambo ya kizungu. Nikamsimulia ya choo, yote, mpaka ndoo zikajaa zikamwagika. Akasema, "Ah, hiyo ilikuwa tofauti." Nikamuuliza tofauti iko wapi. Bado anafikiria.

Nikuage sasa. Nakuahidi mambo mawili. Somoe sitamlazimisha ajiite chochote. Ajiite dereva, inatosha. Lakini mie nikiulizwa nitajibu ndiyo, mimi feministi, mtoto wa Anastazia, na atakayesema hukuwa hivyo nitamkalisha chini nimsimulie ulichofanya. Jumatatu nina safari ya Kurasini. Mmoja wa wafagiaji anataka kujifunza foko, na ameniomba nimsaidie kuandika barua.

Pumzika, mama yangu.

Mwanao,
Neema